Kanuni ya Bamia Nyekundu

Idara ya Ustawi wa Bamia ilitangaza, kwa vipaza sauti na zulia jipya, kwamba kuanzia siku hiyo bamia ya taifa ni nyekundu. Mkurugenzi hakuona ugumu wowote.

"Mama mwekundu, baba mwekundu. Mtoto atakuwaje?" aliwauliza wageni, na wageni, waliokuwa wakisubiri soda, wakapiga makofi.

Mvua zikanyesha, mimea ikazaa. Robo ya shamba la majaribio ikatoa bamia za kijani. Mkurugenzi alisimama kwenye matuta na viatu vyake vya ofisini. Kijani! Tena ndani ya uzio wa serikali!

"Hizo zimemfuata bibi yao," alisema Daktari wa Mbegu, mwanamke aliyezilea bamia hizo tangu mwanzo, huku akichekelea. "Bibi alikuwa wa kijani. Wazazi wanao ukijani ndani, ila wekundu umeufunika. Mjukuu akiupata kwa mama na kwa baba, basi, unajitokeza."

"Daktari, usinizungushe. Huyu mama bamia ametembea nje."

"Atatembeaje, bosi? Maua yote nimeyafunga mifuko kwa mikono yangu, hata nyuki hapiti!"

"Basi ulifunga ovyo. Na maelezo ya kitaalamu hayana nguvu mpaka Mkurugenzi ayaidhinishe. Sijayaidhinisha."

Jioni akatia saini kanuni: chochote chenye umbile lisiloonekana kwa mama wala kwa baba yake kitolewe mara moja nje ya uzio wa Idara. Bamia za kijani zingeng'olewa kwa sherehe, na Daktari angemwaga unga, kazi hana.

Sherehe ilifana. Wazazi wa Mkurugenzi waliketi mstari wa mbele. Mlinzi wa lango, mtu asiyejua mzaha, alikabidhiwa jembe na nakala ya kanuni. Mkurugenzi akaeleza, kwa sauti ya huruma, kwamba mtoto asiyefanana na wazazi wake ni ushahidi tosha wa tabia za mama yake.

Mama wa Mkurugenzi akasimama.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

"Mama, nazungumzia bamia."

"Na hayo masikio yaliyochomoza kama mishikio ya sufuria? Mimi ninayo? Baba yako anayo?"

Umati mzima ukageuka kumtazama baba. Masikio ya mzee yalikuwa yamelala kabisa. Mzee naye akaanza kumtazama mkewe kwa jicho la pembeni.

"Ya bibi haya!" Mkurugenzi akapiga kelele. "Ya bibi mzaa mama! Mama anayo ndani, hayaonekani tu!"

"Kama bamia," akasema Daktari.

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa mlinzi, aliyekuwa akiisoma kanuni. Alipomaliza aliweka jembe chini, akamshika Mkurugenzi mkono kwa adabu zote, akamtoa nje ya uzio na kufunga lango. Huko shambani, Daktari alikuwa tayari anamchumia mama wa Mkurugenzi bamia za kijani.

"Wewe mlinzi! Si umesikia? Ni masikio ya bibi!" Mkurugenzi alifoka kutoka nje ya lango.

"Nimesikia, mzee. Ila maelezo ya kitaalamu mpaka yaidhinishwe na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi ni mimi!"

"Mkurugenzi anakaa ndani," alijibu mlinzi. "Akija nitamwambia ulipita."