Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Msimamizi wangu wa tasnifu amenibana. Anataka madodoso arobaini yaliyojazwa, mezani kwake, keshokutwa. La sivyo nisahau shahada ya uzamili ya utawala wa huduma za jamii, na nisahau ukuu wa idara unaomsubiri mwenye shahada hiyo. Mada yangu: madhara ya kuchelewesha huduma kwa familia zenye wagonjwa. Mada nzuri. Mimi mwenyewe ni afisa ustawi, na wanaocheleweshewa wamejaa kwenye benchi nje ya mlango wangu. Lakini kutoka kwenda kuwahoji ni hatari. Wataniuliza faili zao ziko wapi!

Nimepata njia. Najaza mwenyewe. Kalamu za rangi tatu, miandiko tofauti. Kumi ya mwisho nimeandika kwa mkono wa kushoto. Mke wangu kanikuta sebuleni, ulimi nje, akauliza kama nimepooza.

Jumatano, 6 Machi

Nimewasilisha. Bwana Nukta, mwanafunzi mwenzangu, ambaye hata salamu huiwekea tanbihi, kaleta ishirini na mbili tu. Viatu vyake vimeisha soli kwa kuzunguka mitaani. Nikampa pole mbele za watu. Raha iliyoje!

Raha haikufika saa sita. Msimamizi kaniita. Kasema mhojiwa namba kumi na saba kamtoa machozi: bibi ambaye mumewe hajatoka nje mwaka mzima, anasubiri kiti cha magurudumu. Kweli nilimwandika vizuri. Hata mimi nilijifuta macho. Sasa mwalimu anataka kwenda kumwona. Keshokutwa. Nyumbani kwake. Nyumbani kwa nani? Mtu mwenyewe anaishi ndani ya kalamu ya kijani!

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimetoka hadi kwenye benchi. Kwa hiari yangu, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nikapita nikiwakagua mmoja mmoja, kama mtu anayechagua shati la mtumba. Wa nne: bibi mwembamba, bahasha mapajani. Shikamoo, bibi. Nikamuuliza shida yake. Mumewe miguu imekufa, wanasubiri kiti. Nusura nimkumbatie!

Nikamwingiza ofisini, nikamkaribisha akae, nikamweleza. Kesho atakuja mwalimu wangu. Aseme tu kwamba nilimhoji mwezi uliopita, na kwamba nilikuwa mpole. Nami nitaifuatilia faili yake.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitasema kilichopo."

Nimechukulia kwamba amekubali.

Ijumaa, 8 Machi

Hakukubali.

Chumba kimoja, kimefagiliwa hadi sakafu inang'aa. Mzee amelala karibu na dirisha. Kamba imefungwa kwenye nondo. Huivuta ili ajiinue kidogo, aone watu wanaopita barabarani. Msimamizi akauliza maswali kwa upole. Bibi hakuficha hata chembe. Dodoso halijui. Mimi kanijua jana. Ila sahihi yangu, akasema, anaijua siku nyingi. Akafungua bahasha, akatoa stakabadhi ya kupokea maombi na ripoti ya daktari. Muhuri wa ofisi yetu. Sahihi yangu, na ule mkia ninaoupenda. Miezi kumi na minne iliyopita!

Msimamizi akanakili tarehe. Ndipo mzee akageuza shingo polepole, akanitazama.

"Mama, huyu ndiye wa kiti?"

Nikasema kiko njiani. Jasho lilinishuka hadi kwenye soksi.

Jumatatu, 11 Machi

Faili nimeipata. Ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya rasimu ya sura ya pili, ile inayohusu uwajibikaji wa mtumishi. Ilikuwa inangoja sahihi moja tu. Nikaitia. Sekunde tatu. Nikashuka stoo: viti kumi na kimoja, vyote bado vimo kwenye nailoni. Nikahisi kitu kimenikaa kifuani. Nikanywa chai. Hakikushuka.

Dereva hayupo. Yuko kwenye semina ya utoaji bora wa huduma, atarudi kesho jioni. Basi keshokutwa.

Jumatano, 13 Machi

Dereva hakurudi. Nimekisukuma kiti mwenyewe, mitaa sita. Nilikuwa na mpango kamili: nimkalishe mzee, nipige picha naye, niipeleke kwa msimamizi, hasira zimwishe. Njiani watu wakanipisha. Mama mmoja muuza mboga akanipa pole. Nikamjibu asante, kumbe alijua ninakokwenda.

Nilipokata kona nikaona watu wamekaa nje ya nyumba, chini, kimya. Mzee alifariki jana alfajiri.

Nikasimama na kiti changu kama mchuuzi aliyekosea nyumba. Bibi akatoka. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akakishika mpini, akakisogeza mbele, akakirudisha nyuma, akaona magurudumu yanazunguka vizuri.

"Kiache hapo, mwanangu. Watu hawana pa kukaa."

Jirani mmoja mwenye magoti mabovu akakikalia. Kikamwenea sawasawa. Simu sikuitoa mfukoni.

Ijumaa, 15 Machi

Madodoso yangu yametupwa yote. Barua imeandikwa kwa mkuu wangu wa kazi. Bwana Nukta amepita, na ametumwa kunifundisha jinsi ya kuwahoji watu walio hai! Msimamizi kanipa nafasi moja ya mwisho: nianze upya, na watu wa kweli, hadi mwisho wa mwezi. Mke wangu hana maneno mengi siku hizi. Kasema niende kwa yule bibi, nimwombe radhi, nisiongeze neno lolote, nirudi.

Nitakwenda. Kesho asubuhi. Na nimewaza: pale msibani pamejaa majirani waliosubiri huduma zetu hadi wakachoka. Wamekaa sehemu moja. Hawana haraka ya kuondoka. Sampuli iliyoje! Nimeshachapa nakala na kununua kalamu. Watakaoshindwa kuandika kwa sababu ya machozi, nitawajazia mwenyewe.