Wati Elfu Moja na Mia Tano

Jumatatu, 4 Novemba

Kikao cha kamati ya kusafisha kanisa. Nimewahi kiti cha mbele, kile kisichoyumba. Kanisa letu hapa Kamachumu ni la mawe, la zamani kuliko mtu yeyote aliye hai, na limekuwa jeusi kama sufuria ya msibani. Mchungaji Alexander kasema Dastan, mtoto wa hapa hapa kijijini aliyeko Ujerumani, atatununulia mashine ya leza. Inatoa uchafu kwenye jiwe kwa mwanga. Hakuna maji, hakuna brashi. Ila ni moja tu, kwa hiyo tuchague vizuri.

Fundi Mwesiga wa Bukoba kaja na mbili za kutuonyesha. Ndogo inapiga mwanga kidogo kidogo na kupumzika, jiwe halipati moto. Kubwa inamwaga mwanga bila kupumua, wanakwangulia kutu kwenye vyuma. Kaeleza sana. Mimi nimeshika kitu kimoja. Ndogo, wati mia mbili. Kubwa, wati elfu moja na mia tano.

Sasa taa za Kokwijuka za kukamatia senene, panzi wetu wa kuliwa wanaofuata mwanga, ni wati mia nne kila moja. Msimu uliopita yeye alijaza magunia, mimi nilijaza kikombe. Nyumba yake iko upande ule wa kanisa, yangu upande huu, na senene wote wanapita juu ya bati langu wanakwenda kwake kama wamealikwa. Na mashine ya kanisa lazima ilale kwa jirani. Wati elfu moja na mia tano, uwani kwangu, mwezi wa senene! Nimenyoosha mkono kwa ile kubwa kabla fundi hajamaliza. Mchungaji akasema, Ma Magdalena, bado hatujapiga kura.

Jumanne, 5 Novemba

Kampeni. Nimeanza na Mzee Joackim, maana kwenye vikao anasinzia na akiamka anafuata mwenye sauti kubwa. Nimemwambia ile ndogo ni ya kusafishia meno hospitali. Akauliza nani kasema. Nikasema watu. Kwa Joviana wa kwaya nikasema huenda mashine kama ile ndogo imepasua kanisa huko Maruku. Nilisema huenda. Jioni kaja Consolata, naye wa kwaya, anahema, kanihadithia kwamba Maruku kanisa lote limeanguka, mchungaji kaponea mlangoni. Nimeshtuka mwenyewe. Nikamuuliza kama kuna waliokufa.

Jumatano, 6 Novemba

Fundi anataka kujaribu mashine zote mbili kwenye jiwe bovu nyuma ya choo. Nimekataa. Mambo ya kanisa hayajaribiwi chooni. Nimetoa jiwe letu la pembeni, linalotazama uwani kwangu, lenye jina NATHANIELI. Huyo ni babu wa mume wangu Julius, ndiye aliyechonga mawe ya ukuta mzima, na ni jina pekee la Mhaya pale kati ya wamisionari. Julius kauliza kama mashine haitaliumiza. Picha ya babu yake hana, kaburi lenyewe tunabahatisha, jiwe lile ndilo alilobakiwa nalo. Nikamwambia litang'aa mpaka Bukoba walione. Kaniamini. Miaka yote hii na bado ananiamini, mwanaume huyu.

Nimeomba jaribio liwe saa moja jioni, eti tuone mwanga vizuri. Nimepanga mabati na mapipa nyuma ya ua, senene wagonge bati watumbukie pipani. Kokwijuka kachungulia, kauliza ya nini. Nikasema ya kukingia mvua. Akatazama mbingu, akatazama mapipa. "Bojo, jirani yangu, hiyo mvua yako ina miguu sita?"

Nimeingia ndani.

Alhamisi, 7 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Walituvisha miwani ya kijani, tukawa kama vyura kwenye ibada. Nikaomba taa zote zizimwe, hata za Kokwijuka. Fundi kasema kwa mara ya mwisho, mama, hii kubwa si ya jiwe. Nikamwambia aache wati zifanye kazi. Jenereta likanguruma. Nikageukia mbingu, mikono tayari.

Mwanga hakuna. Nukta moja nyekundu, kama sigara ya mlinzi. Eti mwanga wenyewe macho ya mtu hayauoni. Wati elfu moja na mia tano na hazionekani! Sasa wanauza nini? Senene mmoja tu alikuja, akatua kwenye kofia ya Mzee Joackim, akaona hakuna maana, akaondoka.

Halafu jiwe likaanza kulia, pa, pa, kama bisi. Vipande vikaruka. Mpaka wazime, mwanzo wa jina umeshaondoka, mahali pake pana doa kama chapati iliyosahauliwa. Imebaki NIELI. Julius kasogea. Kagusa pale, pakamuunguza kidole, kaenda kulala bila kula. Na nilikuwa nimepika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, vile anavyopenda.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi Mwesiga kapitisha ile ndogo kwenye kipande kilichobaki. Polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Weusi ukatoka kama vumbi, jiwe likabaki zima na alama zake za patasi. Na chini ya jina, pale ambapo siku zote tuliona masizi tu, kikatokea kitu kimechongwa. Mabawa. Miguu mirefu ya nyuma. Senene. Mzee Nathanieli alichonga senene kwenye ukuta wa kanisa na wamisionari hawakumshtukia.

Kila mtu akasogea kutazama. Halafu Kokwijuka kasema, "Kumbe ni ukoo."

Walicheka mpaka Mchungaji akashika ukuta. Julius naye kacheka, machozi yanamtoka, halafu akanitazama akaacha. "Magdalena, babu kakuumbua mwenyewe." Lakini mchana kala.

Kura imepigwa. Ndogo, watu wote. Na mimi nimenyoosha mkono, ningefanyaje. Itakuwa inalala kwa Kokwijuka, eti ana mlango wa chuma. Kwani wa kwangu ni wa karatasi?

Jumapili, 10 Novemba

Jiwe limetajwa kwenye matangazo. Baada ya ibada watu wamepanga foleni kulitazama, wengine wametoka Muleba mjini. Julius ndiye anawaeleza. Kaniruhusu kusimama karibu kwa sharti nisiongee. Nimejitahidi mpaka mtu wa tatu.

Nilichosema ni kwa faida ya kanisa. Jiwe zuri hivi linakaaje gizani? Mgeni akija jioni? Inafaa taa. Kwamba jiwe linatazama uwani kwangu, hilo si mimi niliyelipanga, ni marehemu. Mchungaji kasema ni wazo zuri, ataunda kamati. Kokwijuka kayatazama mapipa yangu, bado sijayaondoa, kaondoka bila kuaga.

Mwesiga alikuwa anapakia ile mashine kubwa kwenye pikapu. Nimemfuata, nimemuuliza kitu kimoja tu. Hizo taa za kuwekwa nje, kubwa kuliko zote huko Bukoba ina wati ngapi.