Kifua cha Gael, Jina Langu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa tatu

Dada yetu Mwadi amepiga simu kutoka Lubumbashi. Ile damu yake iliyotumwa Ubelgiji imeleta jibu. Jeni! Inaitwa KCNH2. Kazi yake ni kutengeneza mulango mudogo ndani ya moyo, potasiamu ipite pale, moyo upumue, upumzike kidogo, kisha upige tena. Kwetu mulango ni mubovu. Moyo unachelewa kupumua. Halafu makelele ya gafula, pa! Mutu anaanguka. Ndiyo maana mama alianguka hapa Kapata siku ile sirene ya mina, baruti ya kupasua mawe, ilipolia, hakuamuka tena. Na sisi tulisema ni bulozi, uchawi, tukagombana na jirani bure.

Mwadi anasema kila mutoto wa mama ao anayo, ao hana. Mi na mudogo wetu Gael twende kwa mashine ya moyo haraka. Nimwambie Gael leo leo.

Nimeshukuru, nimezima simu. Ikilia tena itaniua!

Balaa juu ya balaa: siku ya tatu kampuni itanipima kwa ile kazi ya ushofere. Mashine ya moyo iko pale. Jirani Kalenga amekwisha kupita kipimo, anatembea kifua mbele sawa jogoo.

Nimenunua ndizi. Ziko na potasiamu. Nimekula mpaka Henriette, muke wangu, ameuliza kama mimba iko kwangu.

Siku ya tatu, tarehe 5

Akili imekuja! Nimemutuma Gael kwa kampuni pahali pangu. Sura moja, pua moja, upara mumoja. Ata batu ba mutaa wa Dilala banamusalimia kwa jina langu. Na ana nguvu: anachimba kobalti, anabeba magunia peke yake. Nimemupa karte yangu ya kura, nimesema tumbo linaniharibikia. Hiyo haikuwa uongo. Ndizi!

Habari ya Mwadi sikumwambia. Asije akaogopa bure.

Siku ya tano, tarehe 7

Munganga Kapinga, yule mama wa kampuni, ameniita. Nimevaa kravati. Nikajua kazi ni yangu.

Akanitazama kwa huruma. Akasema, tata Edouard, moyo wako haupumui vizuri. Nikae mbali na sirene na mina. Nisinywe kinini bila kumuuliza. Kazi, hapana.

Nilitaka kucheka. Si moyo wangu, mama munganga!

Si moyo wangu. Ni wa Gael. Mama mumoja, pua moja! Na Gael yuko kwenye shimo, kando ya karieri, lile shimo kubwa ambalo kampuni inapasua kwa mina kila muchana.

Nikachukua moto, pikipiki ya kukodi. Shofere akapiga honi, nikamushika mabega, nikalia asipige tena. Niliona mama chini, kitambaa chake cha kichwa kimetoka. Mungu wangu, si Gael. Chukua kazi, chukua ata kravati, si Gael!

Nimefika, sirene ikaanza. Gael amekaa juu ya gunia, anakula mukate. Nikamurukia, nikaziba masikio yake kwa mikono yangu yote miwili. Yangu yakabaki wazi.

Mina ikalia. Udongo ukatikisika. Gael hakuanguka. Mi sikuanguka. Bachimbaji bakacheka, bakasema yaya wa Gael, kaka yake mukubwa, ameingiwa na wazimu. Nikamwambia yote pale pale, nikilia. Akanipiga kofi. Kisha akanikumbatia, akatetemeka sawa mutoto.

Siku ya posho, ya sita, tarehe 8

Tumeenda wote wawili kwa munganga, tukakubali kosa. Munganga amekasirika mpaka miwani ikaanguka. Gael amepata dawa ya kila siku, na shimo amekatazwa. Atauza makala ya kupikia pamoja na Henriette. Henriette hanisemeshi, ila mara moja tu: mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamutangaza.

Munganga anataka sasa kupima kifua changu mwenyewe. Siku ya kwanza ijayo, bila kukosa. Gael amesema, yaya, nitakushika mukono.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Nimefika mpaka geti la munganga. Sikuingia. Nikisikia niko na ule mulango mubovu, nitaogopa ata kuku akilia. Nisiposikia, labda niko muzima! Kalenga amepita na gari la kampuni, amepiga honi makusudi. Nimeanguka kwenye mutaro. Si moyo. Ni woga. Nafikiri ni woga.

Gael amefika nyuma yangu; nimemwambia munganga hayuko, turudi kesho.

Lakini nyumbani, Mungu ni mwema! Dady amefika kutoka Musumba, mutoto wa mama mudogo, dada wa tumbo moja na mama yetu. Kijana ana afya, hajawahi ata kuumwa kichwa. Na sura! Paji la mama, pua ya mama, upara umeanza pale pale. Munganga hatatutofautisha.

Ataenda kesho asubuhi na karte yangu, kabla Gael hajaamuka. Habari ya jeni sikumwambia. Asije akaogopa bure.