Rangi ya Kumtuliza Anatolia

Jumatatu, 5 Juni 1989
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Jirani Felicitas kamaliza tena kuuza omuramba wake getini mwa shule. Wangu nimerudi nao nyumbani. Juisi ya ndizi ileile! Tofauti ni tabasamu lake tu. Lakini nimeletewa rangi ya chakula kutoka Bukoba, nyekundu na kijani. Tutaona. Nimeazima mtumbwi wa kukamulia ndizi wa kaka Gosbert. Kasema niusugue kwa maji ya moto, juzi alichachushia humo rubisi, pombe yake ya ndizi, na unga wa mtama bado umeganda pembeni. Maneno mengi, huyu. Nimepitisha kitambaa.

Jumatano, 7 Juni
Ushindi! Juisi yangu nyekundu, niliyoikamua jana, imelala ikatoa povu zuri kama soda. Watoto waligombea vikombe. Felicitas alibaki na ndoo yake, kanuna. Binti yangu Anatolia alikunywa vikombe vitatu. Ni mtoto wa mwenye mali, nani wa kumzuia?

Alhamisi, 8 Juni
Balaa. Jana darasa la tatu liliimba nyimbo za harusi kwenye kipindi cha hesabu. Anatolia kawazidi wote: kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza alivaa kofia ya katekista Polikarpi, akatoka nje kubariki mbuzi. Polikarpi kaja mwenyewe. Kasema atampima Jumamosi. Asipotulia, Jumapili hapokei. Na gauni limeshashonwa! Mtoto kalia, moyo umeniuma kwelikweli. Felicitas, bila kuulizwa na mtu, kasema alisikia kwa nesi kwamba rangi za dukani huwafanya watoto wengine wasitulie.

Nimefikiri sana. Kama nyekundu inawapandisha, kijani itawashusha.

Ijumaa, 9 Juni
Kaka Gosbert kauliza kama niliuosha mtumbwi. Nimemjibu kwamba tatizo ni rangi, hii ni sayansi, asiingilie. Nimekamua nyingine humohumo, nikatia kijani. Inalala.

Jumamosi, 10 Juni
Asubuhi nilimpa Anatolia kikombe kikubwa. Akatulia! Akatulia mno. Polikarpi alimuuliza Mungu ni nani. Mtoto akatabasamu, akaegemea meza, akakoroma. Polikarpi aliinama akamnusa mdomo. Kasema mwaka kesho, na kwamba nikazungumze na kaka yangu. Sijui kaka anahusikaje.

Jumapili, 11 Juni
Wenzake walipita mbele kwa mstari. Anatolia alikaa kando yangu na gauni lake jeupe, alikataa kulivua. Akaniuliza kwa sauti ndogo mwaka kesho uko mbali kiasi gani. Nilijiona mtu wa hovyo kabisa. Baada ya misa Felicitas alimpa omuramba wake, usio na rangi. Alikunywa, akacheza vizuri na wenzake mpaka jioni.

Jumatatu, 12 Juni
Kosa nimeliona! Kijani niliikimbilia kwa pupa. Kwa Komunyo ilitakiwa rangi nyeupe. Nimeagiza Bukoba. Anatolia kasema yeye atakunywa maji. Nimembembeleza: safari hii tuna mwaka mzima wa kufanya majaribio.

Kaka Gosbert kaja kuchukua mtumbwi wake. Nimemwomba aniachie, tena asihangaike kuuosha. Ndio unaonipa lile povu.