Kibao cha Rasi na Punda Asiyejua Kusoma

Jumanne, 10 Juni
Mvua. Kisha mvua nyingine. Kamati ya mji imetangaza atakayewaongoza wageni wa Jumamosi mpaka Rasi, kule nchi inakochongoka kuingia baharini. Miaka kumi na tisa kazi hiyo imekuwa yangu mimi, Cathal Devane. Wamempa Malachy Tuohy! Malachy amerudi hapa Carrigmoyle juzijuzi tu, na kofia mpya na punda anayeitwa Askofu. Bi Attracta wa duka la chai, mwenyekiti wa kamati, alinieleza kwa upole kwamba wageni wanapenda punda. Nikauliza kama punda anajua jiwe lenye alama ya goti la mtakatifu. Akasema Malachy analijua. Kisha akamkatia Malachy kipande cha mkate wa soda, ule usiotiwa hamira, kinene kuliko changu. Nilivipima kwa macho. Roho iliniuma hata jemu sikuimaliza.

Jumatano, 11 Juni
Nimepita mbele ya nyumba ya Malachy mara nne, kwa bahati tu. Alikuwa anampiga punda brashi. Akanikaribisha chai. Unafiki mtupu! Nilikunywa vikombe viwili ili nimchunguze. Chai yake ni nzuri kuliko yangu, jambo ambalo silisahau.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepata! Kibao cha njia panda kimelegea tangu trekta liigonge nguzo yake. Nikaizungusha nguzo kidogo. Sasa mkono ulioandikwa RASI unaelekea kinamasini, kule tunakochimba udongo mweusi tunaoukausha na kuuchoma kama kuni. Jumamosi Malachy atawatumbukiza wageni kwenye matope mpaka magotini. Nami nitatokea na chupa ya chai na kuwaokoa. Bi Attracta atalia. Nimelala mchana kwa furaha.

Jumamosi, 14 Juni
Siku mbaya.

Nilijibanza kinamasini tangu saa tatu asubuhi, chai mkononi, mkate mfukoni. Hakuna mtu. Saa tano ukungu ukashuka. Nikaondoka kwenda Rasi kuangalia huyo Malachy anafanya nini. Nikatembea, nikatembea, nikakiona kibao. Nikakishukuru kwa sauti. Nikakifuata.

Nilipolipita jiwe moja kwa mara ya tatu nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa akisema kuna kipande cha nyasi ambacho ukikikanyaga unapotea hata shambani mwako, na dawa yake ni kuligeuza koti, ndani kuwe nje. Nikaligeuza. Bitana ya koti langu ni ya maua. Nikakaa chini, na sioni aibu kuandika kwamba nilitoa machozi kidogo.

Nikasikia kengele. Askofu akatokea ukunguni, akaingiza pua mfukoni mwangu, akala mkate. Nyuma yake Malachy na wageni kumi na wanne, wakavu, wanarudi kutoka Rasi. Nilikuwa hatua ishirini tu kutoka barabarani!

Nikamuuliza alipitaje pale kwenye kibao.

“Kibao kipi, jirani?” akasema. “Mimi humfuata punda. Na punda hajui kusoma.”

Kisha akalitazama koti langu, akawageukia wageni, akawaeleza habari ya zile nyasi, kwa heshima kabisa, kana kwamba nilikuwa sehemu ya ziara. Wakanipiga picha. Mwanamke mmoja alinishika mkono.

Jumatatu, 16 Juni
Bi Attracta ameniita. Nikajua wamegundua habari ya nguzo. Kumbe hawajui lolote. Wageni wameandika barua: walichokipenda kuliko Rasi ni yule mzee aliyepotea.

“Cathal, kamati imekupa kazi ya kudumu,” akasema. “Kila Jumamosi utapotea.”

Nikasema nitafikiria. Nikafikiria mpaka alipomaliza kunikatia mkate. Kipande kinene! Sawa na cha Malachy.

Jumamosi, 21 Juni
Nimepotea vizuri sana. Koti nje ndani, macho mekundu, na mguno mmoja niliouandaa wiki nzima. Wageni ishirini na wawili. Wote wamempiga picha punda! Mmoja aliniomba nisogee kidogo, namziba. Punda huyo hata hapotei.

Nimekaa nikatafakari makosa yangu kwa unyofu. Ni moja tu. Kibao ni mtego wa wanaosoma. Jumamosi ijayo nitatumia karoti.