Nguzo ya Kuchezea Katikati ya Sebule Yangu

Nyuma ya Stesheni,
Nakuru.
Septemba, 2008.

Kwa Bwana Jagdish,
Mwenye Duka la Vyuma na Mabomba.

Mheshimiwa Bwana Jagdish,

MINT: NGUZO AMBAYO MKE WANGU ANATAKA KUNUNUA KWAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mama Kamla, na kwamba goti lake limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaoniandikisha.

Tumejuana tangu nikiwa nyapara wa genge la reli nawe ukimsaidia marehemu baba yako kupima misumari. Sijawahi kukulalamikia, hata uliponiuzia sururu zilizovunjika mipini kabla hazijagusa kokoto. Lakini Payal, mke wa mwanao Nitin, anafundisha akina mama mazoezi ghorofani juu ya duka lako, na mazoezi yenyewe ni kucheza huku mtu ananing'inia kwenye nguzo ya chuma. Mke wangu Immaculate, ambaye ni nyanya wa watu na mweka hazina wa akina mama kanisani, hakosi darasa. Mgongo uliokuwa ukimlaza kitandani hauumi tena. Hilo silikatai. Sasa anataka nguzo yake mwenyewe, nyumbani, na Jumamosi anakuja kwako kuichagua. Mwaka huu hapa Nakuru tumeona mengi, na sikutarajia la kufungia mwaka liwe hili.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chuma. Payal amemwonyesha nguzo iliyopakwa kromu, inayong'aa kama gari la bwana harusi. Mimi vyuma nimevishika maisha yangu yote, na hiyo nilikwenda kuishika siku isiyo ya darasa. Kromu huteleza mkono ukitoa jasho, na mke wangu hutoa jasho. Kama ni lazima mtu auziwe, na si lazima, ingefaa ile ya chuma kisichoshika kutu.

2. Unene. Nguzo aliyoitamani kwanza ni ya milimita hamsini. Viganja vya Immaculate ni vidogo, navijua, nimevishika tangu 1974, na vidole vyake haviwezi kukutana upande wa pili. Nimempimia kwa mpini wa jembe, kwa mwiko na kwa bomba la maji. Milimita arobaini na tano, isizidi. Nayaeleza haya ili uone jinsi jambo lenyewe lisivyowezekana.

3. Dari. Nguzo hizi husimama kwa kusukuma dari. Huko kwenu juu ni zege. Kwangu ni siling bodi iliyowekwa enzi za mkoloni, na ukiikaza nguzo itapenya iende kusalimia popo. Inatakiwa ikae chini ya boriti. Nimepanda na tochi nikaitafuta boriti, nikaipata. Iko juu ya kiti changu.

4. Kiti changu. Kimekaa hapo tangu nistaafu. Immaculate aliniambia, "Mzee, kiti si mti, kinasongeka." Nguzo inataka nafasi ya miguu kuzunguka bila kugonga kitu, kwa hiyo sofa na vitambaa vyake vinakwenda ukutani, meza ya chai inatolewa, na picha ya harusi yetu inateremshwa isije ikapigwa teke. Mimi nimepangiwa kando ya mlango wa jikoni, kama mtu anayesubiri kulipwa kibarua.

5. Hili ndilo kubwa. Kwetu Kimilili nyumba ya msonge ina nguzo ya katikati, na ncha hutokeza juu ya paa. Ncha ikiwapo, mwenye nyumba yu hai. Akifa, huvunjwa, na mpita njia akiona paa limebaki tupu hamuulizii tena. Nguzo hiyo husimamishwa na mwenye nyumba mwenyewe, na si kitu cha kuchezewa. Immaculate anajua haya yote, na bado amemwita fundi Omolo aje Jumamosi. Mwanamume mwingine akisimamisha nguzo katikati ya nyumba yangu, nami nipo mlangoni pa jikoni, watu wa kwetu watauliza nilizikwa lini. Nitawajibu nini? Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza kitu. Watoto wakipiga simu wanamtaka mama yao. Imebaki nguzo, na hata hiyo sikuulizwa. Inaniuma, Bwana Jagdish.

6. Kanisa. Mzee Kipkoech wa kanisani kwetu aliniona nikipima sebule akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni mlingoti wa bendera. Sasa anataka kuja kuiona ikipandishwa.

Kwa sababu hizo nakuomba, Immaculate akifika, umwambie nguzo zimekwisha Kenya nzima na kiwanda kimefungwa. Akisisitiza, muuzie mti wa mkaratusi. Ukishindwa kabisa, basi mpe ya milimita arobaini na tano, isiyoshika kutu, yenye kifungo cha kuizuia isizunguke, maana anayeanza akianza na inayozunguka atapata kizunguzungu. Lakini hilo ni kama umeshindwa kabisa.

Nisalimie Mama Kamla, Nitin, wajukuu, na mlinzi wa mlangoni. Payal pia msalimie, lakini kwa kiasi.

Mimi niliyeudhika kwa heshima,
Makhanu

Tanbihi: Nilimwomba Immaculate bahasha, akaisoma barua kwanza. Alicheka hadi akakaa kwenye kiti changu. Anasema Omolo ameitwa kushika ngazi tu, na kwamba kama si mimi, nguzo ingesimamishwa na nani? Kisha akaniuliza kama nimesahau siku niliposimamisha nguzo yetu kule Kimilili. Sikuwa nimesahau, nilikuwa sijakumbuka vizuri. Shangazi zangu walimvuta katikati, akaishika ile nguzo kwa mkono mmoja, akaizunguka mbele ya mama yangu hadi udongo niliokandika ukapasuka, na mama akasema huyu atakaa.

Kwa hiyo yaliyo juu yafute. Jumamosi tunakuja wote wawili. Nimepanda tena na tochi, na boriti ziko mbili. Ile nguzo ya milimita hamsini usiiuze. Viganja vyangu ni vikubwa.