Baba Asiyetaka Kukana

Idara ya Utambuzi wa Wazazi na Matunzo ya Watoto ina furaha kuutangazia umma kwamba imempata baba mwingine. Mimi, mwanasheria mwandamizi wa idara, ndiye niliyeendesha shauri hilo, na naomba nilieleze mwenyewe kabla watu wa mtaani hawajalitia chumvi.

Yote yalianzia kliniki. Fundi cherehani mmoja alimpeleka bintiye kutibiwa kikohozi. Karani akamuuliza, "Baba wa mtoto yupo?"

"Hayupo," akajibu mama. "Yuko kazini."

Karani, mtumishi makini sana, alisikia neno la kwanza, likamtosha. Akatuletea taarifa. Jioni ile ile tukafungua shauri, serikali ikimdai baba huyo matunzo kwa niaba ya mtoto. Mama alikuja mbio kutuambia kwamba mumewe hurudi nyumbani kila siku. Tulimweleza kwa upole kuwa hayo hayamhusu: mdai ni serikali.

Siku ya kesi, mdaiwa alifika mapema kuliko sisi. Ni mchomelea vyuma, mtaani wanamwita Cheche. Alikuja na miwani yake ya kazi shingoni na binti mabegani, binti kamshika masikio kama usukani wa pikipiki. Sura moja, mpaka mwanya.

"Mheshimiwa," akamwambia hakimu, "huyu mwanangu. Kwani nani kasema nimemkataa?"

Nikasimama. "Napinga! Mdaiwa anakiri ovyo. Utaratibu unataka baba akane kwanza, ndipo idara imthibitishie."

"Nimkane mwanangu?" Akamshika binti miguu. "Naye yupo hapa?"

"Kidogo tu, ndugu yangu," nikamsihi. "Tukimaliza, utakiri upya."

Cheche akamteremsha binti, akamziba masikio kwa viganja vyake vyenye makovu ya moto. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, macho yakamjaa machozi.

"Siwezi, mzee. Kama ni kufungwa, nifungeni."

Hakimu, mama mtu mzima aliyekwisha kusikia mengi, akavua miwani. "Sasa wakili, kwa utaratibu wenu, kwa leo mtoto huyu ana baba gani?"

Hapo ndipo Mkurugenzi wetu alipoinuka. Alikuwa amewaalika waandishi wa habari, akaona kamera zote zinamwelekea mchomelea vyuma. Akapanda kizimbani mwenyewe, akala kiapo, akajipiga kifua.

"Mheshimiwa, mpaka idara itakaposema vinginevyo, baba wa mtoto huyu ni mimi!"

Kamera zikamulika. Mimi nikapiga makofi.

"Amekiri chini ya kiapo," akasema hakimu huku akiandika, "tena bila kushurutishwa." Akatoa hukumu papo hapo: Mkurugenzi ni baba, atachangia matunzo, na Jumamosi atakaa na mtoto. Cheche aendelee kuwa baba, kwa kuwa hakuna sheria inayomzuia.

"Lakini nilikuwa nazungumza kiofisi!" Mkurugenzi akalia.

"Na mimi nimekuhukumu kiofisi, baba."

Mke wa Mkurugenzi aliiona taarifa ya habari kabla mumewe hajafika nyumbani. Kwa sasa Mkurugenzi analala ofisini.

Jumamosi, Cheche na mkewe walikuja na binti. Walikuwa wamependeza kama wachumba.

"Bosi, kikohozi kimeisha," akasema Cheche. "Haogopi mbwa, ila akiona chura utamtafuta chini ya meza. Sisi tunatoka kidogo."

Mama akamrekebisha binti kola, akambusu, kisha wakashuka ngazi wakicheka, mkono kwa mkono.

Binti akapanda kiti cha Mkurugenzi, akakizungusha mpaka akatosheka.

"Babu, wewe unafanya kazi gani?"

Mkurugenzi akanyoosha tai. "Ninatafuta akina baba."

"Wamepotea?"

"Hapana. Wengine... wapo tu, na watoto wao."

"Sasa unawatafutia nini?"

Mkurugenzi akanitazama mimi, mwanasheria wake. Nikakumbuka kwamba nina kikao, nikaufunga mlango taratibu.